Naombeni muongozo: nataka kutengeneza flashi yangu moja ya kuokolea kompyuta za wateja

Fundi Kihonda:

Wakuu salaam. Mi ni fundi kompyuta hapa Morogoro, kibanda cha kawaida tu, wateja ni wa mtaani, wenye stationery, walimu na wanafunzi wa vyuo. Shida yangu ni flashi. Ninazo rundo na kila moja ina kitu chake, hii Windows 10, hii Windows 11, ile Ubuntu, nyingine ina Hiren's (mkusanyiko wa vifaa vya ufundi) ya zamani ile 15.2 niliyorithi kwa fundi aliyenifundisha kazi, bado kuna CD zilizochubuka ambazo mara zinasoma mara hazisomi. Mteja akileta mashine haiwaki naanza kupekua droo kama mganga anayetafuta hirizi.

Nataka kitu kimoja cha kwangu mwenyewe, nikichomeka kinabuti, naingia, natoa mafaili ya mteja, naangalia hadidiski kama nzima au imechoka, natengeneza buti iliyoharibika, nafuta paswedi kwa aliyesahau, kazi imeisha. Sitaki kila tatizo jibu liwe kupiga Windows upya, maana mtu ana kazi zake za miaka mle ndani.

Mashine zinazokuja ni mchanganyiko, kuna desktopu za mitumba za shule, Core 2 Duo zenye RAM ya GB 2, na kuna laptopu mpya kabisa. Na hizi mpya ndo zinanitesa, nyingine nikibuti na flashi zangu hadidiski haionekani kabisa, kana kwamba hamna kitu ndani.

Nina flashi ya GB 64. Bando ni la kuungaunga kwahiyo msiniambie nishushe GB 50. Nianzie wapi?

---

mzee_wa_motherboard:

Mkuu karibu. Jibu fupi ni Ventoy. Imetoka 2020 na toka hapo mambo ya kuflashi upya kila ukitaka ISO nyingine (faili moja lenye diski nzima ya kubutia) yameisha. Unaiweka kwenye flashi mara moja, inagawa patisheni mbili, moja kubwa ya exFAT na nyingine ndogo ya MB 32 ambayo ndo yenye mashine ya kubutishia. Ukishamaliza hapo we unakopi tu ISO kwenye ile kubwa kama unavyokopi nyimbo, ukibuti inakuletea menyu ya ISO zote zilizomo, unachagua. ISO ikipitwa na wakati unaifuta unaweka nyingine. Na nafasi inayobaki unahifadhi draiva na vitu vyako vingine kawaida tu. Inabuti mashine za bayosi ya zamani na za UEFI (bayosi ya kisasa) kwa flashi hiyohiyo, kwahiyo Core 2 Duo zako na laptopu mpya wote wanakula sahani moja.

Kuhusu Hiren's 15.2, hiyo istaafishe. Ni ya mwaka 2012, ilikuwa inatembea na Windows XP ndogo, na mle ndani zilijaa programu za kulipia zilizowekwa bila leseni. Haijui UEFI, haijui diski za NVMe (SSD za kasi za kisasa). Kuna Hiren's BootCD PE (PE ni Windows ndogo ya kubuti kwa matengenezo) ambayo ni kitu kingine kabisa, jina wamelirithi tu, ilianza 2018, programu zake ni za bure kihalali, na toleo la sasa linahitaji mashine ya biti 64 yenye RAM angalau GB 4, ISO yake ni kama GB 3. Hiyo moja ukiwa nayo ushapata nusu ya unachokitaka.

Sasa kabla ya yote, HIYO FLASHI YA GB 64 umeipima? Nauliza kwa sababu flashi feki zimejaa madukani, inaandika GB 64 au hata TB 2 kumbe ndani chipu ni ya GB 8, imedanganywa tu ionekane kubwa. Unakopi vizuri bila kelele, ila ukifika mbele inaandika juu ya vilevile vya nyuma. Halafu unakuja kulaumu ISO, unalaumu Ventoy, unalaumu mashine ya mteja. Tumia H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, inajaza flashi yote halafu inasoma tena kulinganisha. Inachukua muda, iache usiku.

---

Binti Terminal:

Habari zenu. Namheshimu mzee hapo juu na Ventoy nakubali ni njia ya mkato nzuri, ila naona mnaenda kwenye kukusanya. Huu ugonjwa wa kukusanya ISO 30 kwenye flashi moja naujua, mtu ana menyu ndefu ukurasa haumtoshi na kati ya hizo anazotumia ni tatu. Mleta mada mwenyewe kashatutajia kazi zake ni nne, basi tuanze na hizo kazi ndo tuchague vifaa, na kwa bando lake atatushukuru.

Kutoa mafaili na kupima diski: SystemRescue. Zamani iliitwa SystemRescueCd, ni Linux iliyotengenezwa kwa kazi hii tu, haina mbwembwe, ISO ni GB 1 na kidogo. Ndani ina GParted, TestDisk, PhotoRec, ddrescue, smartctl, partclone, vyote tayari. Ukibuti chagua ile ya kunakili kwenye RAM, copytoram, mashine ikiwa na RAM ya kutosha, halafu unaweza kuchomoa flashi ukaenda kuanzisha mashine nyingine wakati hii inaendelea.

Na hapa naomba nisimame kidogo maana ndo pana faida. Fundi wengi wakiona Windows haiwaki kitu cha kwanza wanaendesha chkdsk. Usifanye hivyo kabla hujajua diski ina hali gani!! Chkdsk ukiipa /f au /r inaandika kwenye diski, na diski inayokufa ukiilazimisha kuandika na kusomasoma huku na kule unaimalizia. Cha kwanza ni kusoma SMART, ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe:

smartctl -a /dev/sda

angalia Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, kama zina namba na zinapanda diski hiyo ni mgonjwa. Mwambie mteja hapohapo kabla hujaigusa. Halafu unachukua picha ya diski nzima kwenda kwenye diski nyingine nzima:

ddrescue -n /dev/sda /mnt/nje/mteja.img /mnt/nje/mteja.map

hiyo -n inamaanisha ipite haraka ichukue vilivyo rahisi kwanza, sehemu mbovu iziruke. Ikimaliza unairudisha kwa

ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nje/mteja.img /mnt/nje/mteja.map

sasa inakwenda kung'ang'ana na zile sehemu mbovu, inajaribu mara tatu. Ile faili ya .map ndo kumbukumbu yake, umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia, kwa sisi wa huku hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuipenda. Baada ya hapo TestDisk na PhotoRec unazielekeza kwenye ile picha, diski ya mteja unaiweka pembeni hutaigusa tena. Tafadhali angalia MARA MBILI ipi ni sda na ipi ni sdb kwa lsblk kabla hujabonyeza enta.

Kitu kingine, Windows 10 na 11 zikizimwa kawaida mara nyingi zinakuwa hazijazimika kweli, zinalala nusu kwa ile Fast Startup. Ukifungua patisheni yake kwenye Linux itakugomea kuandika, itakuruhusu kusoma tu. Kwa kutoa mafaili kusoma kunatosha, kwahiyo usihangaike kulazimisha.

Kuhusu paswedi, uliza risiti au kitambulisho, au angalau picha zake ziwe mle ndani mwenyewe awepo. Laptopu za wizi zinapita sana kwa mafundi.

---

Fundi Kihonda:

Aisee asanteni sana, dada Binti Terminal hilo la chkdsk limenifungua macho. Flashi nimeshaanza kuipima usiku huu.

Ila swali la diski kutoonekana bado. Nina laptopu ya mteja hapa, Core i5 kizazi cha 11, Windows inaanza kupakia halafu skrini ya bluu. Nikiweka flashi ya Windows niingie kwenye repair, diskpart nikiandika list disk inaonyesha flashi yangu tu. Kwenye bayosi SSD naiona kabisa ipo. Nini hiki?

---

Chuma cha Ilala:

Hiyo ni VMD mkuu. Intel kuanzia kizazi cha 11 kwenye laptopu nyingi SSD ya NVMe inafichwa nyuma ya kitu kinaitwa VMD, na Windows ya kwenye flashi haina draiva yake, kwahiyo haioni kitu. Utaambiwa na wengi uingie bayosi uzime VMD. Kama unataka kupiga Windows upya sawa zima. Ila kama unataka kuokoa Windows iliyomo ndani usizime, au ukizima kwa ajili ya kuchungulia rudisha kabla hujaiwasha, maana Windows ile ilisakinishwa VMD ikiwa imewashwa, ukiizima inakwenda kutafuta diski kwa njia nyingine inaikosa na unaletewa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE juu ya tatizo ulilonalo. Sasa una matatizo mawili.

Dawa ni draiva. Shusha Intel RST (ndo draiva yenyewe) ya kizazi husika, bora kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ile SetupRST.exe unaifungua hivi:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\draiva

unapata folda yenye iaStorVD.inf. Ikopi kwenye flashi yako. Ukishabuti, fungua skrini nyeusi ya maandishi uandike

drvload D:\draiva\iaStorVD.inf

(D ni mfano, angalia flashi yako imepewa herufi gani, na ndani ya folda huenda ikawa imejificha kwenye folda nyingine.) Diski inatokea palepale. SystemRescue ya Binti haina shida hiyo, Linux ina draiva ya VMD ndani ya keneli yake, kwahiyo kutoa mafaili hata leo unaweza.

Ila swali lako la asili lilikuwa kutengeneza cha KWAKO, na hapa ndo nataka kukuuzia wazo. Tengeneza Windows PE yako mwenyewe. Watu wanaiogopa bure. Microsoft wanatoa vifaa bila malipo, unashusha vitu viwili, Windows ADK na ile nyongeza yake ya WinPE. Kwenye ADK usichukue vyote, tiki Deployment Tools peke yake, bando litapona. Halafu unafungua ile Deployment and Imaging Tools Environment kama admini, na kazi yenyewe ni mistari michache:

copype amd64 C:\WinPE

Dism /Mount-Image /ImageFile:C:\WinPE\media\sources\boot.wim /Index:1 /MountDir:C:\WinPE\mount

Dism /Image:C:\WinPE\mount /Add-Driver /Driver:C:\draiva /Recurse

Dism /Unmount-Image /MountDir:C:\WinPE\mount /Commit

MakeWinPEMedia /ISO C:\WinPE C:\WinPE\uokoaji.iso

Mstari wa kwanza unatengeneza mifupa, wa pili unafungua ile picha, wa tatu unamwaga draiva zote zilizo kwenye folda yako, wa nne unafunga na kuhifadhi, wa tano unakupa ISO ambayo unaitupia kwenye Ventoy. Folda yako ya draiva ndo siri nzima. Kila ukikutana na laptopu inayogoma, diski au kadi ya netiweki, unatafuta draiva yake unaiweka mle na kutengeneza upya. Baada ya muda unakuwa na diski inayojua mashine za Morogoro, siyo mashine za mtu wa Ujerumani aliyetengeneza paketi yake huko kwa wateja wake.

Unapokuwa umeifungua ile picha, nenda Windows\System32 ndani ya mount utakuta startnet.cmd. Ina neno moja tu, wpeinit. Usilifute, chini yake ongeza mistari yako, mi nimeweka kamenyu: 1 pima diski, 2 tengeneza buti, 3 fungua kidirisha cha kukopi mafaili. Kwa Kiswahili kabisa, kijana wa dukani anabonyeza namba.

Mambo matatu yatakuchanganya kama hujaambiwa. Moja, PE ya biti 64 haiendeshi programu za biti 32 kabisa, ukibofya inakuletea kosa la ajabuajabu, kwahiyo tafuta matoleo ya biti 64 ya kila kakifaa unakoweka. Mbili, inajizima na kuwaka upya yenyewe baada ya saa 72, wameiweka hivyo makusudi watu wasiifanye Windows ya bure ya kila siku, kwahiyo kazi ndefu ya ddrescue peleka Linux. Tatu, inakaa kwenye RAM yote kama diski X, ukihifadhi kitu X ukazima kimepotea.

Kwa mashine za biti 32 kabisa, ADK ya Windows 11 haina, ya mwisho yenye biti 32 ni ile nyongeza ya Windows 10 toleo 2004. Core 2 Duo zako ni biti 64, na kwa RAM usiwe na wasiwasi, PE hii tupu inaridhika na MB 512, ila PE ya ADK ya Windows 11 24H2 kwenda juu haiwaki kwenye prosesa hizo, kwahiyo kwa hizo tumia ADK ya kabla yake.

---

Kijana wa Boko:

Mi nasoma tu wakuu. Mwenye ISO ya Windows ambayo tayari ishawekewa Office na kuaktiveti kila kitu aweke hapa tuokoe muda

---

mzee_wa_motherboard:

@Kijana wa Boko hizo ndo unazokuta na wageni ndani. Umeiokoa kompyuta ya mtu kwa flashi yenye virusi utakuwa umefanya nini? Shusha kwa mwenye mali, halafu pima: certutil -hashfile faili.iso SHA256, linganisha na namba iliyo kwenye tovuti yao. Hata kama siyo mhalifu, bando likikatika katikati ISO inakuja nusu na inabuti vizuri tu mpaka pale inapokufia mbele ya mteja.

@Chuma umeandika vizuri mno, mi mvivu nitabaki na Hiren's PE na drvload. Ila na mimi niongeze kwa mleta mada: Ventoy kwenye laptopu zenye Secure Boot (ulinzi unaokubali kubuti vitu vyenye saini inayotambulika tu) mara ya kwanza itakuletea skrini ya bluu ya kusajili ufunguo, chagua Enroll Key uifuate mpaka kile cheti kinachoitwa ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER. Ni mara moja kwa kila mashine. Wengine wanazima Secure Boot moja kwa moja, mi kwa mashine ya mteja sipendi, na nikifanya lazima nirudishe.

---

Wa Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Mimi si fundi wa mtaani, niko idara ya kompyuta kwa ofisi ya watu, lakini hii mada imenigusa kwa vile mmezungumza draiva na buti na hakuna hata mmoja aliyetaja BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, na hilo ndilo litakalomkwamisha huyu ndugu mbele ya safari.

Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, ile siku CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa sasisho bovu, kompyuta kama milioni 8.5 za Windows dunia nzima zikaanza skrini ya bluu, ndege zikakwama, hospitali zikakwama. Dawa yenyewe ilikuwa ndogo mno, kubuti kwa njia nyingine, kwenda Windows\System32\drivers\CrowdStrike, kufuta faili linaloanza na C-00000291 na kuishia .sys, kuwasha. Microsoft wenyewe muda mfupi baadaye wakatoa kifaa cha kutengeneza USB, na ndani yake kilikuwa nini? Hiyo hiyo WinPE ambayo Chuma ameieleza, na skripti ndogo ya kufuta hilo faili. Sasa kilichowachelewesha watu masiku si kufuta faili. Ni kwamba diski zilikuwa zimefungwa na BitLocker, na kila mashine ilitaka namba zake 48 za kufungulia, mtu akisimama mbele ya kila kompyuta kuzichapa moja moja.

Usidhani hii ni ya maofisi makubwa tu. Laptopu mpya ya Windows 11 mtu akiingia mara ya kwanza na akaunti ya Microsoft, diski inajifunga yenyewe bila yeye kujua, na kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 hata mashine nyingi ambazo zamani zilikuwa hazifungwi sasa zinafungwa ukisakinisha upya. Mwenyewe hajui kama ana ufunguo. Ukimuuliza anakwambia "mimi sijaweka kitu kama hicho". Ufunguo uko kwenye akaunti yake ya Microsoft mtandaoni, afungue kwa simu yake hapo hapo, ukurasa wa aka.ms/myrecoverykey, atafute ule wenye kitambulisho kinacholingana na kilichoko kwa skrini. Kama akaunti ameisahau na barua pepe hana, basi hakuna flashi duniani itakayokusaidia, na hiyo kazi ya kufuta paswedi pia haiwezekani kwa diski iliyofungwa. Mwambie mapema usile pesa yake.

Kwa ile PE yako, manage-bde haiji yenyewe. Lazima uongeze paketi mbili wakati picha iko wazi, WinPE-WMI kwanza halafu WinPE-SecureStartup, ziko kwa folda ya WinPE_OCs, unaziongeza kwa Dism /Add-Package. Ukishabuti:

manage-bde -unlock C: -RecoveryPassword ikifuatwa na zile namba 48 pamoja na vistari vyake.

Na ujue ukigusagusa bayosi, kuzima Secure Boot, kuzima VMD, mara nyingi BitLocker inashtuka na kudai ufunguo hata kama mwanzo ilikuwa haidai. Kwa hivyo kabla ya kubadilisha chochote kwa bayosi ya laptopu mpya, uliza ufunguo upo au haupo. Hiyo iwe hatua ya kwanza.

---

Binti Terminal:

Wa Likoni umemaliza. Kwa upande wa Linux ipo dislocker ya kufungulia kwa ufunguo uleule, ukiwa nao lakini.

Na nimeona Chuma kaisifia PE kwa sababu unaweza kuijenga mwenyewe, SystemRescue pia inajengeka jamani. Kuna skripti yao inaitwa sysrescue-customize, unaipa ISO ya asili, unaipa folda yenye vitu vyako, inakutolea ISO mpya. Na kama hutaki kujenga, skripti zako unaziweka kwenye folda ya autorun inaziendesha yenyewe baada ya kubuti. Mi yangu ikiwaka inapima SMART ya diski zote zilizomo na kunionyesha kabla sijagusa kitu.

---

Fundi Kihonda:

Nimerudi wakuu. Flashi ilikuwa nzima, GB 64 za kweli. Nimeweka Ventoy, SystemRescue, Memtest86+ na PE niliyojenga kwa ile mistari ya Chuma, draiva ya VMD ndani. Laptopu ya kizazi cha 11 sasa diski inaonekana bila drvload, na haikuwa na BitLocker, mteja nilimuuliza kwanza kama Wa Likoni alivyosema. Mafaili nimeshayatoa yote.

Sasa nimekwama kwenye buti. Nikirudi kwenye repair ya flashi ya Windows (huko naipakia draiva kwa drvload) nikiandika bootrec /fixboot inaniambia Access is denied. Na SMART ya SSD iko vizuri.

---

Chuma cha Ilala:

Achana na bootrec kwenye UEFI, hiyo Access is denied inawapata watu wengi sana. Tengeneza buti mpya kabisa kwa bcdboot. Ingia diskpart, list vol, tafuta ile patisheni ndogo ya FAT32, mara nyingi ni MB 100 mpaka 260 hivi, tuseme ni volume 3:

sel vol 3
assign letter=S
exit

Halafu USIDHANI Windows iko C. Ndani ya PE herufi zinaruka, andika dir C:\ na dir D:\ uone folda ya Windows iko wapi. Ikiwa kwenye C:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ikikujibu Boot files successfully created umemaliza hiyo sehemu. Kama bado inaleta skrini ya bluu baada ya hapo basi siyo buti, ni sasisho lililokwama, endesha Dism /Image:C:\ /Cleanup-Image /RevertPendingActions halafu sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows.

Kwa zile desktopu za zamani zenye MBR (mgawanyo wa diski wa kizamani) ni bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS, hapo hakuna patisheni ya FAT32, ila kama kuna ile System Reserved ndo uielekeze huko badala ya C.

---

Fundi Kihonda:

Imewaka mkuu!! Ilikuwa ni sasisho kweli, bcdboot ilikubali ila skrini ya bluu ikabaki, RevertPendingActions ndo ikaimaliza. Swali la mwisho, hiyo herufi S niliyoweka natakiwa kuiondoa? Nisije mteja akaona diski asiyoijua.

---

Chuma cha Ilala:

Hapana, ile ni ya PE tu, ukiizima imepotea, Windows ya mteja haijui chochote. Ila hii ADK uliyoshusha usiifute, cheti cha Microsoft cha 2011 cha Secure Boot kinaanza kuisha muda wake Juni 2026, mashine ambazo tayari zimefungia kile cha zamani zitaikataa PE yenye saini ya zamani. ADK mpya MakeWinPEMedia yake ina swichi ya /bootex, inaweka faili za buti zenye saini ya 2023. Tengeneza ISO zote mbili uweke kwenye Ventoy, moja ikigoma unachagua nyingine. Majina yake kwenye menyu unaweza kuyabadilisha kwa menu_alias, kwenye faili la ventoy.json ndani ya folda ya ventoy.

---

Fundi Kihonda:

Poa mkuu, naziita PE MPYA na PE KONGWE. Kesho naanza na zile za shule, wana chumba kizima.